Meli Iliyotiwa Viraka vya Ngozi

Sogeeni karibu, nianze na meli iliyopwelewa.

Mtoto wa Lamu au wa Kilwa hahitaji kuelezwa neno hilo. Lakini wewe wa Dodoma au wa Nakuru, nisikilize: maji yakipungua, chombo kilichokaa mahali pasipo na kina hubaki kimekalia mchanga. Hakiendi mbele, hakirudi nyuma, kinangoja maji. Kwa mvuvi huo ni usumbufu wa saa chache tu, atakaa, atatengeneza nyavu zake, atakunywa chai. Kwa meli ya vita iliyopwelewa mbele ya mizinga ya adui, ni jambo la kufa na kupona.

Ndivyo ilivyokuwa tarehe 11 Machi 1814, kando ya kisiwa cha Martín García, Amerika ya Kusini. Meli iliitwa Hércules. Ilinasa kwenye fungu la mchanga, na Wahispania waliokuwa kisiwani na kwenye meli zao wakaipiga mizinga mchana ule na usiku kucha. Nahodha wake, Elías Smith, akauawa. Mabaharia wakaanguka mmoja baada ya mwingine juu ya sitaha. Ubavu ukawa kama chujio. Na humo ndani alikuwamo mkuu wa kikosi kizima, mwanamume wa miaka 36, mzaliwa wa Ayalandi, ambaye kazi hiyo alikuwa amepewa siku kumi tu zilizopita. Jina lake William Brown. Wenyeji walimwita Guillermo.

Asubuhi maji yalipanda, Hércules ikaelea. Mtu mwingine angerudi nyumbani kuomboleza. Brown aliiondoa meli mahali pale, akaamuru mashimo yazibwe upesi kwa mabamba ya risasi na ngozi za ng'ombe zilizopakwa lami. Ngozi nchi ile hazikuwa shida, maana ng'ombe walikuwa wengi mno nyikani. Hebu iwazeni picha hiyo: mafundi wamening'inia kwa kamba ubavuni, mmoja ameshika ngozi, mwingine anagongelea misumari, wa tatu ana ndoo ya lami ya moto, na chini ngamani wenzao wanafua maji bila kupumzika. Ngozi zile nyeusi ziliipa meli lakabu, wakaiita Merikebu Nyeusi.

Siku chache baadaye meli hiyohiyo ilirudi Martín García. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi, Brown aliteremsha watu wake pwani kimyakimya, wakapanda mwinuko wa kisiwa huku risasi zikiwanyeshea. Walipoanza kulegea, aliamuru filimbi na ngoma zipige wimbo wa Kiayalandi wa sikukuu ya Mtakatifu Patriki. Kisiwa kikatwaliwa. Jacinto de Romarate, kamanda wa meli za Kihispania na baharia hodari kwelikweli, akalazimika kukimbilia sehemu za juu za Mto Uruguay.

Sasa niwaambie kwa nini kisiwa kidogo kama kile kilistahili damu yote hiyo.

Nchi tunayoiita Argentina ilikuwa koloni la Hispania. Tarehe 25 Mei 1810 watu wa Buenos Aires walimwondoa mtawala wa mfalme, wakaunda serikali yao. Ng'ambo ya pili ya maji, mji wa Montevideo ulibaki upande wa Hispania. Katikati ya miji hiyo miwili kuna Río de la Plata, yaani Mto wa Fedha. Wanauita mto, lakini mdomoni upana wake ni kilomita zipatazo 220, zaidi ya safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Maji yake ni ya rangi ya udongo, huoni hata kiganja chako ukikizamisha. Nao una kina kifupi mahali pengi, umejaa mafungu ya mchanga na matope. Upepo wa pampero ukivuma kutoka nyika za kusini magharibi, maji husukumwa baharini na mto hupungua. Upepo wa kusini mashariki ukija, maji hurudishwa ndani, hupanda na kufurika. Nahodha wa huko husoma upepo kama sisi tunavyosoma bamvua na kusi.

Jeshi la nchi kavu la Buenos Aires lilikuwa limeizingira Montevideo. Likakaa, likakaa, lisifue dafu. Kwa nini? Kwa sababu meli za Kihispania ziliendelea kuingia bandarini na unga, nyama na baruti. Utauzingiraje mji ambao mlango wake mmoja uko wazi? Meli hizohizo ziliweza kuja mpaka mbele ya Buenos Aires na kuipiga mizinga, nazo zilivuruga biashara ya ngozi na shahamu, biashara iliyoleta ushuru wa kuwalipa askari. Hapo ndipo viongozi walipokubali kwamba uhuru wao ungezama majini kama hawakuwa na meli.

Walikuwa wamejaribu mara moja. Mwaka 1811 walikusanya vyombo vitatu, wakamkabidhi Juan Bautista Azopardo, mzaliwa wa Malta. Tarehe 2 Machi mwaka huo, huko San Nicolás, vyombo vyote vitatu vilitekwa, na Azopardo mwenyewe akapelekwa kifungoni ng'ambo kwa miaka mingi. Hicho kilikuwa kikosi cha kwanza, na kiliisha kwa siku moja.

Cha pili kilitokana na bidii ya Juan Larrea, waziri wa fedha, na Guillermo White, mfanyabiashara Mmarekani. Walinunua meli za biashara, wakazitoboa mbavu ili mizinga ipate pa kuchungulia, wakasaka mabaharia popote walipopatikana: Waayalandi, Waingereza, Wamarekani, Wafaransa, na vijana wa mjini ambao baadhi yao hawakuwahi kukanyaga sitaha. Likabaki swali la nani aongoze. Serikali ikamchagua Brown, tarehe 1 Machi 1814.

Huyu Brown alitoka wapi? Alizaliwa tarehe 22 Juni 1777 Foxford, mji mdogo wa magharibi ya Ayalandi. Angali mtoto alisafiri na baba yake kwenda Philadelphia, Marekani, kutafuta maisha. Inasimuliwa kwamba homa ya manjano ilimchukua baba upesi sana, mtoto akabaki peke yake nchi ya watu. Siku moja, akizurura kando ya Mto Delaware, akakutana na nahodha aliyemwonea huruma na kumchukua awe mtoto wa chomboni. Mnajua kazi ya mtoto wa chomboni: kusugua sitaha, kubeba maji, kuamshwa usiku wa manane, kupanda mlingoti wakati wa dhoruba. Chuo chake cha ubaharia kilikuwa hicho.

Akapanda cheo kidogo kidogo. Kisha Waingereza wakamkamata kwa nguvu na kumtia katika jeshi lao la wanamaji, kama walivyofanya kwa mabaharia wengi nyakati zile. Baadaye Wafaransa wakamteka na kumfunga Metz. Akatoroka akiwa amevaa sare za ofisa wa Kifaransa, akakamatwa tena, akapelekwa ngome ya Verdun. Huko nako akatoroka, mara hii akafika Ujerumani. Mwaka 1809 alimwoa Elizabeth Chitty huko Uingereza, na muda si mrefu akaelekea Río de la Plata. Hakwenda kupigana. Alikwenda kufanya biashara.

Hapa ndipo ninapowaomba mtege masikio. Brown alipata hasara mwanzoni, kisha yeye na wenzake wakawa na chombo cha kupeleka abiria na mizigo kati ya pande mbili za mto ule. Safari baada ya safari aliutupia mto bildi, ile kamba yenye risasi nzito mwishoni inayopima kina, akajua fungu hili liko pima ngapi, mkondo ule unageukia wapi, pampero ikivuma siku mbili njia ipi hufungwa. Wahispania walipoharibu chombo chake, alikasirika, naye akaenda kuteka chombo cha Kihispania. Kwa hiyo serikali ilipomchagua haikupata shujaa tu, na mashujaa hawakukosekana. Ilimpata mtu anayeyajua maji yale gizani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kila ushindi alioupata baadaye, na vitabu vingi huipita mbio kwa sababu kupima kina hakuna kishindo kama mzinga.

Baada ya Martín García akaifunga bandari ya Montevideo. Unga haukuingia tena. Tarehe 14 Mei 1814 meli za Kihispania zikatoka kumfukuza. Brown akajifanya anakimbia. Akavuta, akavuta, nao wakamfuata mpaka walipokuwa mbali na mizinga ya ngome yao, kisha akageuza omo na kuingia kati yao na bandari. Mapigano yakaendelea siku kadhaa, upepo ukipotea na kurudi. Tarehe 16, akiwa kwenye chombo kingine, mzinga mmoja ulipofyatuliwa ulirudi nyuma kwa kishindo, kama mizinga inavyofanya, ukamvunja mguu. Akabebwa hadi Hércules, lakini alikataa kushushwa chini kwa tabibu na kuishia huko. Akalazwa juu ya sitaha, mguu umefungwa, akaendelea kutoa amri akiwa amelala chali. Kesho yake, tarehe 17 Mei, ushindi ukawa wake. Mwezi uliofuata Montevideo ikasalimu amri.

Yaliyotokea Guayaquil, mji wa Ecuador ya leo, nawapa kwa sababu najua mtayapenda. Mwanzoni mwa mwaka 1816 Brown alikuwa upande wa pili wa bara, Bahari ya Pasifiki, akiwinda meli za Hispania. Alipanda mto wa Guayaquil na chombo kiitwacho Trinidad, maji yakapungua, na tazameni, akapwelewa tena! Wahispania wakapanda chomboni wakaanza kuua mabaharia waliokwisha shindwa. Brown alikuwa amevua nguo na kujitosa mtoni aogelee ajiokoe. Alipoona watu wake wanachinjwa, akarudi chomboni. Akanyakua utambi unaowaka, akasimama kwenye ghala ya baruti, akatangaza kwamba mauaji yasipokoma atakilipua chombo na kila aliyemo. Yakakoma. Kwa kuwa hakuwa na nguo, alijifunga bendera, na hivyo ndivyo alivyotembea mateka mpaka mbele ya wakuu wa mji. Baadaye alibadilishwa na mateka wa Kihispania, miongoni mwao gavana wa Guayaquil mwenyewe, ambaye Brown alikuwa amemnasa baharini kabla ya hapo.

Msidhani kurudi kwake kulikuwa kwa shangwe. Aliondoka kwenda Pasifiki bila ridhaa ya serikali, na njiani kurudi Waingereza waliikamata Hércules huko Karibi, wakamnyang'anya. Alipofika Buenos Aires alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akapumzishwa kazi. Akakaa Barracas, nje kidogo ya mji, akilima bustani yake na kulea wanawe. Nyumba yake, kwa rangi yake, iliitwa Nyumba ya Njano. Meli za vita zikauzwa au zikaoza. Nchi ilidhani haitazihitaji tena.

Desemba 1825 Brazili ikatangaza vita. Brazili ilikuwa na manowari zinazokadiriwa kufikia 80. Buenos Aires ilikuwa na vyombo vya kuhesabika kwa vidole. Wakamfuata mkulima bustanini kwake.

Tarehe 11 Juni 1826 manowari 31 za Brazili zilikuja hadi mbele ya Buenos Aires, mahali paitwapo Los Pozos. Brown alizikabili akiwa na meli 4 na mashua 7 za mizinga. Watu wa mji walijaa ufukweni na mapaa ya nyumba, wakiona moshi tu na kusikia ngurumo. Moshi ulipoondoka, bendera yao ilikuwa bado inapepea. Siri yake, mnaikumbuka? Meli kubwa za Brazili zilihitaji maji mengi chini ya mkuku. Brown alijipanga nyuma ya mafungu ya mchanga ambayo hazikuthubutu kuyapita.

Jambo lililonigusa zaidi katika vita hivyo lilitokea Quilmes, mwishoni mwa Julai 1826. Meli ya Brown, 25 de Mayo, ilivunjwavunjwa. Nahodha wake alijeruhiwa vibaya lakini hakuacha kazi. Aliitwa Tomás Espora, mzaliwa wa Buenos Aires, kijana aliyekwisha zunguka dunia nzima baharini chini ya Hippolyte Bouchard, Mfaransa aliyetumikia taifa hilo changa. Na chombo kilichosogea kuwalinda kiliongozwa na Leonardo Rosales, naye mzaliwa wa Buenos Aires. Mwaka 1814 makapteni karibu wote walikuwa wageni. Sasa vijana waliozaliwa kando ya mto ule ndio walioshika usukani na kumlinda mwalimu wao. Mimi nahesabu kwamba jeshi lile la wanamaji lilizaliwa siku ile, hata kama wanahistoria wana tarehe yao. Sisi Afrika Mashariki tunalielewa hilo: Kenya ilianzisha jeshi lake la wanamaji mwaka 1964 chini ya makamanda Waingereza, na miaka ikapita kabla Mkenya hajalishika mwenyewe.

Februari 1827, kwenye kisiwa cha Juncal, Brown alikizingira kikosi kizima cha Brazili katika mto ambao yeye aliujua kuliko wao. Kati ya vyombo 17, alivikamata 12, vitatu vikateketea kwa moto, viwili tu vikaponyoka.

Halafu ikaja Aprili, na mto ule aliouamini ukamgeuka. Usiku meli zake mbili zilinasa kwenye fungu la Monte Santiago. Moja iliongozwa na Francis Drummond, Mskoti wa miaka 24, mchumba wa Eliza, binti yake Brown. Drummond alipigana hadi risasi za mizinga zikamwishia, akatumia vipande vya minyororo badala yake. Sikio lake lilikatwa na risasi, akaendelea. Aliingia mashuani kwenda kutafuta baruti kwa wenzake, na huko ndiko alikopigwa pigo la mwisho. Brown alikuwapo alipokata roho. Kazi ya kumpelekea Eliza habari ikamwangukia baba. Desemba mwaka uleule Eliza alizama mtoni Barracas, akiwa msichana wa miaka 17.

Hapa huwa nanyamaza kidogo ninapoisimulia. Mto uliompa mtu yule jina ulimchukulia mwanawe.

Vita viliisha Agosti 1828, Uruguay ikawa nchi huru. Brown alikabidhiwa kwa muda kiti cha gavana wa Buenos Aires. Jenerali Juan Lavalle alipomkamata gavana aliyepinduliwa, Manuel Dorrego, Brown aliomba asiuawe, apelekwe uhamishoni. Hakusikilizwa, Dorrego akapigwa risasi tarehe 13 Desemba. Brown hakukaa sana katika kiti kile.

Alirudi baharini mara nyingine akiwa mzee wa miaka 60 na zaidi. Mwaka 1842, katika Mto Paraná, alimshinda Giuseppe Garibaldi, yuleyule aliyekuja kupigania umoja wa Italia. Garibaldi alichoma meli zake akakimbilia nchi kavu. Watu wa Brown walitaka kumfuata wammalize. Mzee akawazuia, akasema aachwe aende zake, kwa kuwa ni mtu shujaa.

Mwaka 1847 alikwenda kuitazama Ayalandi aliyoiacha utotoni, akaikuta katika njaa kuu. Kisha akarudi Nyumba ya Njano, kwenye bustani yake, na huko Buenos Aires akafariki tarehe 3 Machi 1857. Kaburi lake liko Recoleta, chini ya mnara wa kijani.

Jeshi la Wanamaji la Argentina huadhimisha sikukuu yake tarehe 17 Mei, siku ile ya mwaka 1814 Brown alipokuwa amelazwa juu ya sitaha ya Merikebu Nyeusi, mguu umevunjika, akitoa amri.